Nilivyoiponya Taa Isiyoumwa

Sitawaficha, ndugu zangu. Mpaka leo nikipita Kasongo, ule mtaa wa nyuma ya msikiti ambako nyumba zimebanana kama watu wanaosikiliza siri, navuta kofia mpaka kwenye nyusi na kukanyaga pedali za kinga langu, baiskeli yangu, bila kutazama kushoto wala kulia, maana kushoto iko nyumba ya Mwalimu Shabani, na mbele ya nyumba hiyo hawakosekani wasichana wawili watatu wanaotwanga, na wakiniona tu, mmoja atasimamisha mchi hewani na kuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Fundi wa moshi, leo unakuja kutusafishia nini?" Nami hucheka kama mtu asiye na neno, huku masikio yanawaka moto. Basi bora niwasimulie mwenyewe kuliko muisikie kwao, kwa sababu wao huongeza chumvi, na hadithi hii, wallahi, haihitaji chumvi.

Wakati ule wa Wabelji nilikuwa naosha vyupa katika labo, maabara ya mgodi wa dhahabu, huko upande wa Kabambare, si mbali na Salamabila. Msidhani nilikuwa mtu mkubwa. Shule ya misioni niliishia darasa la tano (baba alikubali nisome hesabu lakini akakataa nibatizwe, padri naye akakubali nisome hesabu lakini akataka nibatizwe, mwishowe tukaachana kwa amani na hesabu zangu nusu). Lakini moyo wangu ulikuwa mkubwa kuliko shule yangu. Nikiosha chupa naona tayari siku nitakayokuwa mwenye kuitumia. Nikipanga vibomba vya kioo kwenye mbao, naviita kwa majina, navitakia siku njema. Watu wa kambi walisema Amisi anaota macho wazi, na hawakusema uongo.

Mzungu wa labo tulimwita Bwana Miwani, kwa sababu alikuwa nazo mbili, moja puani na moja kwenye paji la uso, na kila siku alitafuta ile ya paji. Alikuwa mtu mwema aliyependa kufundisha, na kwa kuwa hakuna mtu aliyetaka kufundishwa, akanifundisha mimi. Siku moja akaweka mezani jiko dogo la petroli, yaani mafuta ya taa, la utambi, akaliwasha, nalo likaanza kutoa moshi mweusi kama mkia wa paka. Akashika leso yake nyeupe juu ya moshi, ikawa nyeusi. Halafu akachukua kitu kama kofia ndogo ya udongo mgumu, yenye matundu matundu, rangi ya majivu, akauvalisha ule utambi. Tukangoja. Kofia ikapata moto, ikawa nyekundu kama jicho la mlevi, na moshi, ndugu zangu, ukakatika. Ukakatika kabisa, kama mtu aliyezibwa mdomo. Akashika leso nyingine juu yake. Ikabaki nyeupe.

"Angalia, Amisi," akasema kwa Kiswahili chake cha kokoto. "Masizi ni petroli yenye haijaiva. Moto iko na njaa ya hewa, haimalizi chakula yake, inatapika. Hii kofia iko na unga ya platini juu yake, kidogo sana. Inashika petroli mukono moja, inashika hewa mukono ingine, inaunganisha. Halafu yenyewe inabakia vile ilikuwa. Haiungue, haipungue."

Nikamwambia, "Bwana, kumbe ni mshenga!" Akaniuliza mshenga ni nani. Nikamweleza kwamba ni yule mtu anayetembea kati ya nyumba ya mwanamume na nyumba ya mwanamke, anawakutanisha, wanaoana, na yeye anarudi kwake kama alivyotoka, hakuoa wala hakuolewa. Bwana Miwani akafurahi mpaka miwani ya paji ikaanguka juu ya ile ya pua. Akaandika neno hilo katika daftari lake. Kofia moja ya zamani ilikuwa imepasuka ukingoni, akanipa. "Chukua, hii kwangu imekufa, lakini kidogo bado inaweza." Akaniandikia na karatasi ya mlangoni, maana pale mgodini ukitoka na kitu kigumu mfukoni hata kokwa la embe wanakuuliza umelitoa wapi. (Mlinzi alisoma ile karatasi kichwa chini miguu juu, akaigonga kofia kwa kucha, akailamba, akatema, akasema, "Pita, hii ni matope.")

Sasa njoo kwenye mambo yenyewe. Kaka yangu Salumu, yaya wangu wa pekee, kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, alikuwa seremala wa mgodi huohuo, anakata magogo ya kushikilia mashimo yasianguke. Alikuwa amemchumbia Zaina, binti wa Mwalimu Shabani wa Kasongo, na mambo yote yalikwisha isipokuwa jambo moja tu: karatasi. Bila karatasi ya ndoa kambi haikupi nyumba ya wenye wake, unalala bwaloni na makapera, na mke wako anakuwa wa hadithi. Yaya alipewa konje, likizo ya siku chache tu. Jumapili kamio, lori la mgodi, ingemrudisha Salamabila, na konje nyingine ingekuja mwaka wa pili, kama ingekuja. Kwa hiyo ndoa ilipangwa Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, karatasi iandikwe hapohapo, Zaina apande kamio Jumapili. Ikishindikana Jumamosi, imeshindikana.

Mimi nikatangulizwa Jumatano na mchele, vitenge na gunia la chumvi, nikapokelewa vizuri mno, nikapewa chumba cha wageni, kwa sababu mdogo wa bwana harusi ni mgeni wa heshima hata kama ni mimi. Mwalimu Shabani alikuwa mzee mrefu, mkavu, ndevu nyeupe, anafundisha watoto Kurani chini ya kibanda cha uani. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Vitu vikubwa aliviona, vidogo alivikisia. Nyumbani aliishi na Zaina na dada mkubwa wa Mwalimu mwenyewe, Bibi Mwanaidi, mwanamke mfupi ambaye ulimi wake ungeweza kuchuna mbuzi.

Alhamisi asubuhi, Mwalimu akiwa na wanafunzi wake, nikasikia harufu ya petroli. Pembeni ya chumba changu palikuwa na ghala dogo, mlango umeachwa wazi kidogo. Nikachungulia (najua, najua, mtu hachungulii maghala ya wakwe zake). Chini sakafuni kulikuwa na taa ya mkebe inawaka mchana kweupe, peke yake, utambi mnene kama kidole gumba, moshi unapanda, na juu yake, limesimamishwa kwa matofali matatu, bakuli kubwa limefunikwa kifudifudi. Tumbo la bakuli lile, kwa ndani, lilikuwa jeusi tii.

Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, nalo lilizaliwa na huruma. Nilitazama taa ile nikaumia moyo. Nikasema kimoyomoyo, maskini wakwe zetu, wana taa mbovu, wanaona haya, wanaificha ghalani na kuifunika bakuli ili wageni wasione moshi. Mwingine angeuliza. Lakini kwetu, ndugu zangu, huwezi kumwuliza mkwe wako kuhusu kitu alichokificha. Ukiuliza umemvua nguo. Kwa hiyo adabu ikanifunga mdomo, na elimu ikanifungua mikono. Nikaenda chumbani, nikaleta kofia ya Bwana Miwani. Nikauvalisha utambi. Ikapata moto, ikawa nyekundu, moshi ukapungua, ukapungua, ukaisha. Nilitaka kupiga kelele ya furaha. Halafu nikaliangalia lile bakuli jeusi nikaona haifai kumponya mtu homa ukamwacha na matapishi kifuani. Nikalipeleka uani kwa siri, nikalisugua kwa majivu na mchanga mpaka likameta kama yai, nikalirudisha juu ya matofali yake. Nikafunga mlango taratibu. Nikawaza Zaina atakavyokuja kugundua siku moja kwamba moshi umekwisha, atamwuliza baba yake nani kafanya, wataangaliana, na mimi sitasema kitu, nitatabasamu tu. Ndoto zangu huwa na mwisho mzuri. Mimi ndiye huwa sina.

Mwalimu hakugundua. Kila asubuhi baada ya swala aliingia ghalani akawasha taa kwa kuchomeka kijiti kati ya matofali, akaweka kiganja kando ya bakuli kupima joto, akasema "Inatosha," akatoka. Bakuli hakulifunua. Mimi niliona ni mzee mwenye subira tu.

Jumamosi ikafika. Sebule ilikuwa imepakwa chokaa upya, nyeupe hata inauma macho. Wazee wa mtaa kumi na watano hivi wamekaa kwenye mikeka, kanzu nyeupe, kofia nyeupe. Yaya Salumu katikati, kanzu ya kuazima, jasho linamtiririka. Nyuma ya pazia wanawake na Zaina. Swala zimekwisha, mahari yamekwisha, maneno ya ndoa yamesemwa, yaya amekubali kwa sauti ndogo, wakamwambia rudia, akakubali kwa sauti iliyoamsha kuku. Ikabaki karatasi.

Mzee mmoja akatoa kalamu yake ya kizungu mfukoni, yenye wino wa buluu. Mwalimu akainua mkono.

"Hapana, ndugu yangu. Hiyo ni wino ya kodi na ya mahakama. Binti zangu watatu wameolewa kwa wino ya nyumba hii, baba yangu aliolesha dada zake kwa wino ya nyumba hii. Taa yangu, masizi yangu, siku saba. Sifunui bakuli mpaka saa ya kuandika. Kile Mungu ametuwekea ndani, hicho ndicho tunaandikia."

Ndugu zangu. Mmewahi kukanyaga ngazi ambayo haipo? Mimi niliikanyaga. Taa yangu, masizi yangu, siku saba. Nikaona mbele ya macho yangu yale majivu, ule mchanga, na mikono hii miwili inayosugua kwa bidii ya mjinga. Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo. Lakini Mwalimu alikuwa ameshaingia ghalani na kurudi, amebeba bakuli kifudifudi kwenye sinia, juu yake kitambaa cheupe, anatembea polepole kama anayebeba mtoto mchanga. Akaketi. Akatayarisha kikombe cha maji, ulimbo wa mti, kalamu ya tete. Akasema bismillahi. Akaondoa kitambaa, akageuza bakuli, akaingiza kidole.

Akaingiza tena. Akalileta karibu na macho. Akalipeleka mbali.

"Mwanaidi," akasema, "njoo uniangalilie. Macho yangu leo yanakataa."

Bibi Mwanaidi akatoka nyuma ya pazia, akaangalia ndani ya bakuli, akaangalia nje ya bakuli, akaangalia dari. "Macho yako iko mazuri, Shabani. Humu mutu anaweza kunywea maziwa."

Mzee mmoja akavuta tasbihi. Mwingine akasema chini chini kwamba hajawahi kusikia taa ya siku saba isitoe masizi. Mwalimu Shabani akaweka bakuli chini, akalifunika tena kile kitambaa cheupe, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. "Miaka yote hii," akasema, "haijanikatalia. Kama leo imekataa, mimi siwezi kulazimisha. Labda Mungu anasema bado. Tungojee."

"Tungojee mpaka lini, baba?" yaya akauliza.

"Siku saba ingine."

Yaya alinigeukia mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu ananijua tangu utoto, na akayaona machoni mwangu yale ambayo mwizi wa sukari huyaficha mdomoni. Akaninong'oneza, "Amisi. Umefanya nini?"

"Kidogo tu, yaya."

"Amisi, nikirudi kambini pasipo muke yangu, nitakuchongea sanduku. Mimi seremala. Vipimo vyako ninavijua."

Hapa, wasomaji wangu, mtu mwenye akili angesimama akaungama, mambo yakaishia hapo kwa aibu ya ukubwa wa kawaida. Mimi nikafikiri: masizi si kitu cha siku saba, masizi ni petroli yenye haijaiva, naweza kuyapata kwa robo saa! Nikasimama. "Mwalimu, kwa ruhusa yako, pengine utambi umelala. Niruhusu niangalie taa. Mimi ni mtu wa labo." Neno labo likawapendeza wazee. Mwalimu, kwa huzuni, akapunga mkono, nenda. Nikachukua bakuli, nikaingia ghalani, nikafunga mlango.

Nikang'oa ile kofia (vidole vikaungua, nikavinyonya kimyakimya). Nikavuta utambi juu, kidole kizima. Moshi ukaja. Nikaona ni mdogo, nikavuta tena. Nikaliinamisha bakuli juu yake. Ili upepo usiupoteze nikaziba uwazi wa chini ya mlango kwa gunia. Mtu ambaye siku mbili zilizopita alikuwa anaua moshi kama nyoka, sasa nimepiga magoti mbele ya mkebe naubembeleza, njoo mama, njoo mpenzi, toka, usione haya. Na ukatoka! Mweusi, mzito, unajikunja kama sufi. Bakuli likaanza kuota manyoya meusi. Moshi uliobaki ukapita pembeni ya bakuli na kwenda zake juu, na mimi sikuujali, kwani ulikuwa wa nini kwangu?

Kitu kimoja sikukiangalia. Nyumba ile, kama nyumba nyingi za mtaa ule, kuta zake za ndani hazifiki kwenye paa. Juu kuna nafasi ya kupitisha hewa, kutoka ghalani mpaka sebuleni, kubwa, pana, imekaa tu inangoja mjinga.

Nilisikia wakikohoa. Nikadhani wanasafisha koo kwa ajili ya dua. Nikasikia Bibi Mwanaidi akisema, "Kunaanza kutia giza, au mvua inakuja?" Nikafurahi, nikasema mvua ni baraka ya ndoa. Nilipoona bakuli limejaa vya kutosha kuandikia ndoa za Kasongo nzima, nikazima taa, nikapiga teke mlango na kutoka kifua mbele, bakuli mikononi, nikipaza sauti, "Wino huu hapa!"

Wazee kumi na watano walikuwa wamekaa vilevile kwa adabu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba yake inanyesha. Maana ilikuwa inanyesha. Vinyuzi vyeusi, vyepesi, vinashuka kutoka juu polepole kama utando wa buibui, vinatua kwenye kanzu, kwenye kofia, kwenye sinia ya wali, na kila mmoja aliyejipangusa alijichora. Mzee wa kalamu ya buluu alikuwa na masharubu ambayo hakuja nayo. Ndevu za Mwalimu Shabani zilikuwa zimerudi ujanani. Yaya Salumu alikuwa na mistari miwili myeupe mashavuni, na ndugu zangu, hiyo haikuwa jasho.

Na ukuta. Ule ukuta wa chokaa mpya. Sitauzungumza.

Nilitaka kusema samahani, nikavuta pumzi ya kusemea, na pumzi ikaingia na masizi yake. Nikapiga chafya. Mnajua chafya za ukoo wetu? Mbwa hukimbia. Nilipiga chafya moja, ndani ya bakuli, na vyote vilivyokuwa ndani yake vikaruka na kunirudia mimi: uso, shingo, na lile koti langu jeupe, ambalo nilikuwa nimelitia wanga wa muhogo usiku kucha mpaka likasimama lenyewe kama mlango. Bakuli likabaki tupu kwa mara ya pili.

Hapo nikaungama. Niliyasema yote kwa pamoja, bila kituo, kofia, platini, mshenga, majivu, mchanga, na nikamaliza kwa maneno ambayo mtaa mzima unayarudia hadi leo: "Mwalimu, nilidhani taa yenu ni mgonjwa. Niliwaonea huruma."

Mwalimu akanisogelea. "Weye ndiye ulisafisha bakuli yangu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na mchanga?"

"Na majivu kwanza, Mwalimu."

"Basi haikuwa Mungu aliyekataa," akasema taratibu, na nikaona kitu kama mzigo kikimshuka mabegani. Lakini mara uso ukakunjwa tena. "Hata hivyo wino haipo. Ya ukutani imeingia chokaa, haishiki karatasi. Ya mikekani ni ya miguu ya watu. Petroli imekwisha nyumbani, na Muhindi wa duka amefunga. Siwezi kuandika kwa hewa."

Yaya akainamisha kichwa. Nyuma ya pazia nikasikia mtu akivuta kamasi, nikajua ni Zaina, nikatamani sakafu ifunguke.

Ndipo Bibi Mwanaidi akanizunguka mara moja, kama mnunuzi wa mbuzi. Akanusa bega langu. "Shabani," akasema, "ile sharti yako. Ulisema masizi itoke kwa taa yako. Ulisema itue kwa bakuli?"

Mwalimu akafikiri. "Bakuli ni desturi tu. Sharti ni taa."

"Huyu hapa basi. Bakuli ya leo iko na miguu."

Ilikuwa kweli. Koti lilikuwa gumu kwa wanga, na masizi yalikuwa yamelala juu yake makavu, laini, mazima, kama vumbi juu ya meza. Nikakalishwa kigodani katikati ya sebule, mikono nimeinyoosha pande zote mbili kama kunguru anayejianika, karatasi imetandazwa mapajani, na Bibi Mwanaidi akaletewa unyoya wa kuku, akaanza kunipangusa bega la kushoto, polepole, kuelekea chini.

"Usipumue."

"Bibi, sasa nita..."

"Usipumue, nimesema! Na pua hiyo igeuzie upande wa ukuta. Ukuta umeshakufa."

Wazee kumi na watano wakaninyatia kuangalia. Mmoja akaonyesha mkunjo wa kiwiko, "Hapa kuna mengi, mama." Mwingine akasema kola isisahaulike. Nilipanguswa kama rafu ya duka, mbele ya ukoo wa shemeji yangu, huku nikiona kwa jicho la pembeni kifungu cheusi kinakua juu ya karatasi, kijiko kimoja, kijiko na nusu. Mwalimu akakisugua kati ya vidole viwili. Akanusa. Watu wote walisimamisha pumzi, si mimi peke yangu.

"Ni laini," akasema. "Ni ya taa yangu."

Akaichanganya na ulimbo na maji, akachovya tete. Kabla hajaandika herufi ya kwanza, sauti ya Zaina ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya mtu aliyelia na sasa anacheka: "Baba, andika upesi, kabla shemeji hajaisafisha karatasi!"

Hapo ndipo walipopasuka. Wazee wenye heshima zao, nyuso nyeusi, meno meupe, wanashikana mabega wasianguke. Hata yaya alicheka, ingawa alinikanyaga mguu wakati huohuo. Karatasi ikaandikwa. Yaya akatia jina lake, mashahidi wakatia majina yao, Mwalimu akasema na mimi nitie, kwa kuwa wino umepita kwangu. Jumapili kamio ikaondoka na Zaina amekaa mbele na mkeka wake mpya, yaya amesimama nyuma anapunga mkono, na mimi sikupanda. Mimi nilibaki Kasongo siku nne na ndoo ya chokaa. Kanzu kumi na tano zilifuliwa na nani, msiniulize.

Niliporudi labo nilimweleza Bwana Miwani yote. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akawa makini ghafla, akafungua daftari. "Lakini Amisi, zile siku yote, bakuli ilibaki nyeupe? Kabisa?"

"Kabisa, bwana. Kama yai."

"Na kofia ilikuwa imepasuka?" Akaandika kwa furaha. "Basi kazi imefaulu!"

"Ndiyo, bwana," nikamwambia. "Kazi imefaulu. Aliyeanguka ni mimi."

Tangu siku ile nimejiwekea sheria moja, na nawapa na ninyi bure: kitu cha mtu kikikuudhi machoni, kwanza uliza kinafanya nini pale, hata kama kuuliza ni aibu, kwa sababu aibu ya kuuliza ni ya mtu mmoja, na ile nyingine ilikuwa ya watu kumi na tisa na ukuta.

Na naishika. Zaina alipojifungua mtoto wa kwanza walikuja Kasongo, Mwalimu akataka kuliandika jina la mjukuu kwa wino wa nyumba, akaniita nishuhudie. Taa ilikuwa imewekwa uani safari hii. Bibi Mwanaidi akanionyesha kigoda, hatua kumi kutoka pale, akasema, "Kaa. Mikono juu ya magoti, niione." Nikakaa. Nikaweka mikono magotini. Upepo ukageuka, moshi wote wa ile taa ukanijia mimi, machoni, puani, machozi yakanitoka kama mfiwa. Mwalimu akauliza kama unanisumbua.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Moshi ni mzuri sana. Uendelee tu."